Bei kwa Gramu Mia Moja

Kijana wa kisa hiki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Gitega, upande wa Magarama, na biashara ilikuwa imemnyookea. Mwishoni mwa 2018 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba Gitega ndiyo itakuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ibaki mji wa biashara. Kuanzia hapo ofisi zikaanza kupanda mlima moja baada ya nyingine, na kila ofisi iliyopanda ilikuja na watu wa kutafuta nyumba. Nyumba inataka saruji, nondo, mabati na rangi. Kijana akauza, akanunua Probox, akanunua simu ya bei mbaya, akaanza kuwaambia watu "tutaonana Buja" utadhani huko Buja hulala kila Jumamosi. Kisa chenyewe ni cha kutunga, kwa hiyo asitafutwe mtu wala hoteli. Lakini mitego iliyomo ni ya kweli, na iko mezani mpaka leo.

Alikuwa anaposa Muyinga. Baba wa msichana alikuwa mnunuzi wa kahawa, Alhaji, mtu wa maneno machache. Muyinga ni katika sehemu za Burundi zenye Waislamu wengi na Waswahili wa siku nyingi, na mpaka wa Kobero wa kwenda Tanzania hauko mbali, kwa hiyo mzee huyo alikuwa anajua bei ya vitu vingi na tabia za watu wengi. Dada yake, ambaye ukoo mzima ulimwita Shangazi, aliuza maharage sokoni, kwa kilo na kwa gunia. Mtu wa mizani. Mkumbuke huyo.

Ilipofika zamu ya wakwe kuja Gitega kumwona kijana anavyoishi, mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alitoa shauri la kizee. Asubuhi tuwapeleke Gishora, alisema, wakaone ngoma. Gishora iko nje kidogo tu ya mji, na ngoma zile za kifalme ndizo zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtu wa Muyinga akizisikia kwa karibu hatazisahau. Mchana turudi tule mbuzi. Brosheti za mbuzi, ndizi za kukaanga, pilipili, Fanta za baridi, na muuza nyama anayejulikana anachinja kwa Bismillahi. Mkwe atashiba, atashukuru, ataondoka.

Shauri zuri, na la bei nafuu. Likauawa na rafiki.

Rafiki huyu alifanya kazi wizarani na alikuwa amehamia Gitega mwili tu, moyo ameuacha Bujumbura. "Mbuzi kila mtu anakula," alisema. "Wapeleke kwa Waitaliano, kule karibu na ziwa. Mzee akikaa pale, akaona vitambaa vyeupe na glasi tatu tatu, hatauliza tena kama una uwezo." Mjomba alisema neno moja tu: "Umewahi kula huko?" Kijana akajibu kwamba anajua mahali penyewe. Kujua alikokuwa anakusema ni kwamba alishapita mbele ya lango akiwa ndani ya gari.

Watu wa Gitega hawakuanza jana kuwaona Waitaliano. Kule Mutoyi, Bugendana, Waitaliano wa misheni wamekaa na wenyeji miaka na miaka, na wanajulikana kwa hospitali na ushirika wa ufugaji na ufundi, si kwa vitambaa vyeupe. Makaroni nayo ni chakula cha nyumbani siku nyingi. Duka gani la mtaani halina pakiti ya tambi? Kwa hiyo kijana aliingia safari ile akiamini kwamba chakula cha Kiitaliano anakijua, kimebadilishiwa sahani tu.

Safari ya kwenda Bujumbura ni ya kama kilomita 100. Miaka hii ambayo petroli imekuwa kitu cha kupigania, kijana alishapoteza siku mbili na pesa nyingi kulijaza tangi la Probox, na ikabidi ndugu wa msichana aje na gari la kukodi. Walipita Bugarama penye baridi na marundo ya kabichi, wakateremka kona baada ya kona, huku vijana wa baiskeli wakipanda kinyume chao, kila mmoja kashika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Alhaji alikuwa akiwatazama akitikisa kichwa. Joto la ziwa likawapokea. Walikuwa watu sita: kijana, mjomba wake, rafiki, Alhaji, Shangazi, na kaka wa msichana. Msichana mwenyewe, kama desturi, alibaki nyumbani Muyinga.

Waliketi. Mhudumu, kijana nadhifu mwenye aproni ndefu nyeusi, akainama kidogo. "Karibuni sana. Shefu, maji ya gesi au yasiyo na gesi?"

Tuanzie hapo hapo, kwa sababu mtego wa kwanza ndio huo na wengi hatuuoni. Swali lina majibu mawili na yote mawili yana bei. Hakuna aliyekuuliza kama unataka maji ya kununua. Nchini Italia maji ya chupa mezani ni jambo la kawaida kabisa, na mteja wa kule anajua kwamba yanalipiwa; anayetoka kwetu, aliyezoea kwamba maji ni heshima ya mwenye nyumba kwa mgeni, anaitikia tu. Kijana alisema, "Yote mawili." Zikaja chupa za kioo zilizosafirishwa kutoka ng'ambo, mhudumu akazifungua zote kabla mtu hajagusa glasi, na kila moja ilipokwisha ikaja nyingine bila kuitwa. Chupa tano, faranga 15,000 kila moja.

Kisha ikaja menyu. Jalada la ngozi, kurasa nene, Kiitaliano juu na Kifaransa chini kwa herufi ndogo. Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana menyu ya Kiitaliano ina mpango wake, na asiyeujua mpango huo analipa mara mbili. Inaanza na antipasti, vitu vya kufungulia kinywa: vipande vya nyama zilizokaushwa, jibini, mboga za mafuta. Zinafuata primi, yaani tambi, wali wao wa risotto, na supu. Halafu secondi, nyama au samaki. Kando kuna contorni, mboga na viazi, na mwisho dolci, vitamu. Mtu wetu akiagiza nyama anategemea kwamba ndizi au viazi vitakuja pamoja nayo, kwa sababu brosheti bila ndizi ni matusi. Kwa Waitaliano nyama inakuja uchi. Viazi vinaagizwa peke yavyo na vinalipiwa peke yavyo. Na tambi si ya kusindikiza nyama. Ni sahani inayojitegemea, inaliwa, inaondolewa, ndipo nyama inaletwa. Wala hakuna sheria inayomtaka mtu ale hatua zote tano. Waitaliano wenyewe siku nyingi wanakula sahani moja au mbili, wanakunywa kahawa, wanakwenda zao. Anayeagiza kila hatua kwa kila mtu ni mtu wa harusi, au mgeni.

Kijana hakuuliza lolote kati ya haya. Aliipitishia menyu macho kama anayetafuta kitu alichokwisha kukila, akafunga, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika meza ya jirani: "Tuletee antipasti za kuanzia, halafu tambi, halafu samaki mkubwa wa kugawana."

Mhudumu akaondoka, akarudi na sinia. Juu ya barafu amelala sangala mzima, macho meupe ya kung'aa, matamvua mekundu, mkia umetoka nje ya sinia. "Shefu, huyu anafaa?"

Hapa nataka tusimame, kwa sababu hoteli ilifanya inavyotakiwa. Ndiyo desturi ya hoteli nzuri ya Kiitaliano: samaki mzima analetwa mezani akiwa mbichi ili mteja amwone, aulize uzito, aulize bei, akubali au akatae. Samaki huuzwa kwa uzito, na menyu huandika bei ya gramu 100, kipimo ambacho Waitaliano wanakitumia sokoni na hotelini. Menyu ile iliandika hivyo hivyo, kwa herufi ndogo za Kifaransa: faranga 17,000 kwa gramu 100. Kijana alikuwa ameona 17,000. Hizo gramu hakuziona, au aliziona zikapita. Yule samaki kwenye sinia alikuwa ndio mlango wa kutokea, uliofunguliwa wazi mbele ya watu sita.

"Anafaa sana," alisema.

Shangazi akanyoosha shingo. "Ana kilo ngapi?" aliuliza, kama ambavyo angeuliza gunia.

Kijana akacheka kidogo, akamwambia, "Usijali, Shangazi, leo mko kwangu." Mhudumu, ambaye alikuwa amefungua mdomo kujibu, akaufunga. Samaki akaenda jikoni.

Wala asidhani mtu kwamba hili ni jambo la washamba wa milimani. Mwaka 2009, Roma, watalii wawili wa Kijapani walikula chakula cha mchana katika mgahawa wenye jina kubwa wakapewa bili ya karibu euro 700, ndani yake zaidi ya euro 100 zikiwa bakshishi iliyoandikwa na mgahawa wenyewe. Walipiga kelele, serikali ikaingilia, mgahawa ukafungwa kwa muda. Januari 2018, Venice, wanafunzi wanne wa Kijapani walikula nyama na samaki wa kukaanga, wakanywa maji, wakadaiwa zaidi ya euro 1,100. Meya wa mji, Luigi Brugnaro, akalazimika kulitolea kauli jambo la sahani nne. Wajapani si watu wasiojua hoteli. Walichokikosa ni kile kile alichokikosa kijana wa Gitega: kuuliza kabla. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na sababu ya kulalamika na walipata wa kuwasikiliza. Kwa yule wetu kila kitu kiliandikwa, na samaki alionyeshwa.

Mkoa wa Lazio, ambao Roma imo ndani yake, ulishapiga marufuku kwa sheria ya 2006 ile ada wanayoiita coperto, pesa ya kukaa mezani na kuwekewa mkate, lakini kwingi Italia ipo na ni halali mradi imeandikwa kwenye menyu. Kwetu ada hiyo huja kwa majina mengine. Uliza kama bei zina kodi ya TVA ndani yake, maana Burundi TVA ni asilimia 18 na kwenye bili ya watu sita asilimia hiyo si pesa ya kubeza. Ukiwa Nairobi uliza kuhusu ada ya huduma. Tuendelee.

Antipasti zilikuja juu ya mbao mbili za kukatia, zimepangwa kama shada la maua. Jibini nyeupe, zeituni, nyanya zilizokaushwa, na vipande vyembamba vya nyama ya rangi ya waridi vyenye ukingo mweupe wa mafuta, vyembamba hata unaona mbao chini yake. Harufu yake ilikuwa ya chumvi na moshi. Alhaji alinyoosha mkono, akausimamisha hewani.

"Hii ni nyama gani, mwanangu?"

Meza ikanyamaza. Kijana alitazama ile nyama. Alikuwa hajui. Kumwita mhudumu na kumuuliza mbele ya mkwe ilikuwa ni kukiri kwamba mahali hapa, alipoleta watu zaidi ya kilomita 100 kuja kuonyesha, hajawahi kukanyaga. Rafiki alikuwa amezama kwenye simu.

"Ng'ombe, baba," alisema kijana. "Wanaikausha kwa namna yao."

Alhaji alisema Bismillahi, akachukua kipande. Kilikuwa katikati ya mbao na mdomo Shangazi alipomshika kiwiko. Hakumshika kwa nguvu. Halafu akageuka, akamwita yule mhudumu kwa mkono, kama mtu anayemwita mtoto wa jirani.

"Njoo, mwanangu. Hii nyama ya mnyama gani?"

"Hii ni prosciutto, mama. Ya nguruwe." Alisema kwa adabu, hata kwa fahari kidogo. "Inakaa miezi mingi ikikauka. Na hii nyingine ni salami, ya nguruwe pia. Mngesema, ningewaletea mbao ya jibini na mboga peke yake."

Mngesema. Alhaji alikirudisha kipande kwenye mbao, akakiweka pale pale kilipotoka, akafuta vidole vyake kwenye kitambaa cheupe, kimoja kimoja. Kisha akaomba maji, akanawa. Hakusema kitu.

Kwa kuwa tumefika hapa, na kwa kuwa wasomaji wengi wa lugha hii ni Waislamu au wana wageni Waislamu, niwaambie kwa kirefu mahali nguruwe anapojificha katika chakula cha Kiitaliano, maana hajifichi kwenye mbao tu. Prosciutto na speck ni paja la nguruwe. Pancetta ni tumbo lake, guanciale ni shavu. Carbonara, tambi ya mayai na jibini inayopendwa dunia nzima, kwa asili yake imepikwa na guanciale. Amatriciana, ambayo ukiitazama ni nyanya tupu, nayo ina guanciale. Mchuzi wa ragù, ule wa Bologna, mara nyingi unachanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe au pancetta. Pizza iliyoandikwa salami au "diavola", jua ni nguruwe isipokuwa umeambiwa vingine. Halafu kuna pombe, ambayo haionekani kabisa. Risotto kwa kawaida huanza kwa divai nyeupe inayomwagwa juu ya mchele. Nyama "al Marsala" imeitwa kwa jina la divai yenyewe. Tiramisù, kile kitamu cha kahawa na krimu, wapishi wengi hukitilia Marsala au ramu. Na panna cotta inagandishwa kwa gelatini ambayo huenda imetoka kwa nguruwe. Nyingi katika hizi zinaweza kupikwa bila hayo, na mpishi wa kweli haoni taabu kuombwa. Ziko tambi za nyanya na basili, za samaki na kome, za bilinganya, tambi za mafuta na kitunguu saumu, pizza ya margherita. Mtu anaweza kula akashiba kwa Waitaliano maisha yake yote asiguse haramu. Lakini ni lazima afungue mdomo, na afungue kabla ya sahani kuja.

Watu wa Malindi, pwani ya Kenya, wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Waitaliano walianza kufika kule kwa wingi enzi za kituo cha San Marco, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini karibu na Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967, na wengine wakakaa, wakafungua hoteli na mikahawa. Leo mtoto wa Malindi, Mwislamu wa watu, anaongea Kiitaliano cha sokoni, na anakaa kwenye mkahawa wa Kiitaliano akauliza kuna nini ndani ya mchuzi bila hata kupunguza sauti. Haoni kwamba swali linampunguzia hadhi. Mimi naona ndiye mwenye hadhi pale.

Turudi Bujumbura. Tangu pale Shangazi ndiye aliyeshika usukani. Tambi zilipoletwa aliuliza kila sahani ina nini. Mbili zilikuwa za nyanya, moja ya uyoga, moja ikarudishwa jikoni kwa sababu ilikuwa na vipande vya pancetta, ikaletwa nyingine safi na haikuongezwa kwenye bili. Vitamu alivikataa vyote baada ya jibu moja. Kahawa alikubali, na alipoonja akamwambia kaka yake kwamba kahawa hii huenda ameinunua yeye mwenyewe Muyinga kwa bei ya bure. Alhaji akacheka, mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

Sangala alikuwa mtamu. Alichomwa na chumvi na limau, nyama yake inaachana kwa uma, na wote walimla. Ni haki kusema hivyo. Chakula cha hoteli ile hakikuwa na kosa lolote.

Bili ililetwa ndani ya kijitabu cheusi. Maji 75,000. Mbao mbili za antipasti, ambazo zililiwa zeituni na jibini tu, 130,000. Tambi 180,000. Viazi na mboga 45,000. Kahawa 48,000. Samaki, kilo mbili na gramu 600, kwa 17,000 kila gramu 100: faranga 442,000. Jumla 920,000.

Kijana alikuwa na 600,000. Pesa nyingi, noti yetu kubwa kuliko zote ni ya 10,000, na noti 60 ndani ya bahasha zinaufanya mfuko wa koti uvimbe, na yeye asubuhi ile aliupenda uvimbe huo. Alizihesabu chini ya meza. Akazihesabu tena. Akafungua Lumicash kwenye simu: 85,000, akazituma. Akamtazama rafiki, ambaye alitoa 40,000 na kusema mwezi umekuwa mrefu. Zikabaki 195,000. Mhudumu alisimama hatua tatu nyuma, mikono mgongoni, akitazama ziwa kwa adabu ya mtu aliyefunzwa kazi.

Mjomba akaanza kupapasa mfuko wa shati lake, ambao kila mtu alijua una nauli tu. Alhaji akamzuia kwa kiganja. Akaingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa bahasha ya khaki iliyofungwa kwa mpira, pesa ya kahawa ya watu, akahesabu noti 20 mezani, mbele ya kila mtu, akalaza moja juu ya nyingine. Mhudumu akarudisha 5,000. Alhaji akamwachia.

Njiani kurudi hakuna aliyezungumza mpaka Bugarama. Pale walisimama, Shangazi anunue karoti, na kijana akashuka akamfuata Alhaji pembeni ya barabara. Akaomba radhi kwa pesa. Akasema kesho yake asubuhi atazituma zote, na kweli alizituma.

"Pesa si neno," alisema Alhaji. "Mimi mwenyewe nilishakwama Dar es Salaam, nikalala stendi. Pesa hutafutwa. Lakini nilikuuliza nyama ya nini, ukaniambia ng'ombe."

"Sikujua, baba."

"Ndiyo. Hukujua, ukaniambia ng'ombe."

Mjomba alikwenda Muyinga mwezi uliofuata, akapokewa vizuri, akalishwa, akaambiwa jambo hilo litazungumzwa baada ya mavuno ya kahawa. Alikwenda tena baada ya mavuno. Akaambiwa Alhaji amesafiri. Mara ya tatu alipokewa na Shangazi peke yake, akamkalisha kibarazani, akamwambia kwa upole kwamba kijana wao ni mchapakazi na hana ubaya, ila kaka yake hawezi kumpa binti mtu ambaye anaona heri amlishe mkwe wake nguruwe kuliko kuonekana hajui. Mahari haikupokelewa, na mwaka uliofuata msichana aliolewa na mwalimu wa hapo hapo Muyinga.

Kuna watakaosema mzee alizidi. Mimi sioni hivyo. Samaki wa 442,000 ni ujinga wa siku moja na ulilipwa siku hiyo hiyo. Mtu mwenye duka linalouza nondo atazirudisha kabla ya mwisho wa wiki. Uongo wa mezani ni jambo jingine, hasa pale anayedanganywa ameweka imani yake yote juu ya neno la mwenyeji. Wala siitupi lawama kwa rafiki wa wizarani peke yake, ingawa anastahili sehemu yake, wala kwa hoteli. Labda kwa hoteli kidogo: samaki wa zaidi ya kilo mbili akiletwa kwa sinia, uzito wake utamkwe kwa sauti hata kama mteja anajifanya bingwa, na bei iandikwe kwa kilo, kipimo ambacho kila mama wa sokoni anakijua.

Wewe unayepanga kuwapeleka wakwe, wazazi au bosi mahali kama hapo, iwe Bujumbura, Kigali au Nairobi, piga simu siku moja kabla. Waulize bei ya samaki kwa kilo, kama TVA imo, kama maji ya kawaida yapo, na sahani zipi hazina nguruwe wala pombe. Watakujibu, kwa sababu wanaulizwa hayo kila siku na watu wenye pesa kuliko wewe. Na ukishafika mezani ukaulizwa usilolijua, mwite mhudumu mbele ya wageni wako, umuulize yeye.